Farasi, Punda na Bwalo Letu



Katibu wa chama aliponiandikia barua ya kuniomba nizungumze usiku huu, alinieleza kwamba nichague mada yoyote yenye manufaa, mradi isizidi dakika ishirini na isihusu siasa. Mimi ni mtumishi wa Serikali. Mtumishi wa Serikali akiondolewa siasa na kuwekewa saa, hubakiwa na mada moja tu anayoijua vizuri, nayo ni chakula. Basi nitazungumza juu ya nyama. Najua kwamba pilau iko jikoni na kwamba harufu yake imekwisha fika puani mwenu kabla ya maneno yangu kufika masikioni. Nawaomba subira.

Mwaka 2014 nilipelekwa Italia, katika mji wa Turin, kwa mafunzo ya majuma manne. Ijumaa moja jioni tulitoka wanafunzi watano kwenda kula mjini: Mwingereza, Mhindi, Mhabeshi, Mkazakhi na mimi. Hakuna kati yetu aliyejua Kiitaliano zaidi ya kusalimu. Tulionyesha kwa kidole mstari mmoja katika orodha ya vyakula, tukaletewa sahani ya nyama iliyokaushwa na kukatwa nyembamba kama karatasi, nyekundu iliyokoza. Mkazakhi akamuuliza mhudumu kwa ishara, hii ni nyama gani? Yule kijana hakujua Kiingereza. Akaweka vidole viwili juu ya meza, akavikimbiza mbio kutoka kwenye chumvi hadi kwenye mkate, kisha akalia kama farasi.

Ndugu zangu, laiti mngaliona nyuso za mataifa! Mwingereza aliweka uma wake chini kana kwamba umemchoma. Mhindi, ambaye hakuwa anakula nyama ya aina yoyote, alitabasamu kwa upole wa mtu ambaye vita havimhusu. Mhabeshi alitukumbusha kwamba ni Ijumaa na kwamba kanisa lake limemwamuru kufunga, na nadhani maishani mwake hajapata kuufurahia mfungo kama jioni ile. Mkazakhi alizivuta sahani zote upande wake, machozi ya furaha karibu yamtoke, kwa maana kwao nyama ya farasi ni nyama ya kumkirimu mgeni wa heshima, na soseji yake iitwayo kazy haikosekani penye sherehe.

Na mimi? Mimi nilikula vipande vitatu. Cha kwanza nilikula kwa adabu, cha pili kwa udadisi, na cha tatu, sina budi kusema kweli, kwa sababu kilikuwa kitamu. Ni nyama laini, yenye utamu kidogo kwa mbali. Lakini niliporudi chumbani sikupata usingizi. Tumbo halikuwa na neno. Lililoninyima usingizi ni jambo lililotokea katika bwalo hilihili tunamoketi sasa, mwaka 1996. Nitalifikia. Kwanza niruhusuni niwapitishe kidogo katika historia, ili ada ya shule tuliyolipiwa na wazazi wetu isionekane imepotea bure.

Mwaka 732 Papa Gregori wa Tatu alimwandikia barua Bonifasi, aliyekuwa akihubiri Injili kwa Wajerumani, akimwagiza kwamba ulaji wa farasi ukomeshwe, kwa kuwa ni jambo chafu la kuchukiza. Sababu moja ni kwamba makabila ya kaskazini yalikuwa yakichinja farasi katika matambiko yao, na aliyekula nyama ile alihesabiwa kuwa bado ana mguu mmoja kwa miungu ya zamani. Wenyeji wa Iceland walipokubali Ukristo karibu na mwaka 1000, walifanya kama wafanyavyo wajumbe wengi wa mikutano: walikubali azimio, lakini wakaomba kifungu kiongezwe, kwamba waruhusiwe kuendelea kula farasi. Ruhusa ile haikudumu. Hata hivyo leo wanawala tena, nao ni Wakristo kama kawaida.

Wayahudi wao walikwisha pata jibu mapema. Katika Mambo ya Walawi, sura ya 11, mnyama wa kuliwa ni yule mwenye kwato zilizopasuka na anayecheua. Farasi hana hata moja kati ya hayo mawili. Kwa upande wa Waislamu, katika vita vya Khaibar, mwaka wa 7 Hijria, Mtume alikataza nyama ya punda wa kufugwa, na imepokewa kwamba aliruhusu ya farasi. Wafuasi wa Imamu Shafi, ambao ndio wengi katika pwani yetu, wanaihesabu nyama ya farasi kuwa halali, lakini Imamu Abu Hanifa aliichukia. Kwa hiyo wazee wetu wa pwani walikuwa na ruhusa kamili ya kula farasi, ila farasi mwenyewe ndiye hakuwapo.

Wafaransa walichelewa, lakini walipoanza walianza kwa mpango. Larrey, daktari mkuu wa upasuaji katika majeshi ya Napoleon, aliwalisha majeruhi nyama na mchuzi wa farasi waliokufa vitani, akaandika kwamba chakula kile kiliwasaidia. Baadaye wataalamu wa Paris waliona kwamba maskini wa mji wanakosa nyama huku farasi wazee wakitupwa. Mwaka 1865 waliandaa karamu kubwa katika hoteli ya fahari, farasi akapikwa kwa namna nyingi na mabwana wakubwa wakala, ili watu wadogo wasione haya. Mwaka 1866 mabucha ya farasi yakaruhusiwa rasmi. Paris ilipozingirwa na Waprusi kuanzia mwaka 1870 hadi 1871, hapakuwa tena na haja ya karamu wala ya kushawishi mtu. Njaa haihitaji mwenyekiti wala katibu.

Sasa tumtazame jirani yao, Mwingereza. Mwezi Januari 2013 wakaguzi wa chakula wa Ireland walitangaza kwamba wamepima aina 27 za nyama ya kusaga iliyotengenezwa kwa vipande vya mviringo na kuuzwa madukani kama nyama ya ng'ombe. Katika 10 walikuta dalili za farasi, na katika 23 dalili za nguruwe. Mojawapo ilikuwa na farasi kwa asilimia 29 ikilinganishwa na nyama ya ng'ombe iliyomo. Nchi ilitikisika. Angalieni jambo la ajabu: nguruwe alikutwa mara nyingi kuliko farasi, tena kwa Waislamu na Wayahudi wa nchi zile hilo ndilo lililokuwa na uzito, lakini kilio kikubwa magazetini kilikuwa cha farasi. Kila mtu hulia kwa ajili ya mnyama wake.

Hata hivyo, mimi siwacheki. Waliokula hawakuumwa, na farasi si sumu. Ng'ambo tu ya mlango wa bahari wapo watu wanaomnunua kwa hiari yao. Kosa lilikuwa kwamba mtu alilishwa asichokijua. Mlo ni mkataba. Anayekula hufumba macho na kumwamini aliyepika, na uaminifu ule ukivunjika, hata wali mtupu huwa mchungu. Lishikeni neno hilo, maana litanigeukia.

Kwetu sisi farasi hakupata kuwa hoja. Mbung'o na magonjwa yalihakikisha kwamba bara letu halijai farasi, na ndiyo maana wahenga wakasema mzoea punda hapandi farasi. Mnyama wetu ni punda. Na jinsi tunavyomtendea punda ni somo zima la elimu ya jamii. Tunambebesha maji, magunia, kuni na saruji. Tunamtukana: mtu mzito wa akili tunamwita punda, na shukrani ya punda tunasema ni mateke. Tunakubali afe, mradi mzigo wa bwana ufike. Lakini tukiambiwa tumle, tunaruka kama tumekanyaga kaa la moto. Nimewaza sana juu ya hilo. Nadhani moyoni tunajua kwamba punda si mfugo kama mbuzi. Punda ni mfanyakazi mwenzetu, na hakuna ofisi, hata ile yangu, ambamo mfanyakazi akistaafu huliwa.

Msidhani ni mzaha. Jirani zetu wa Kenya waliruhusu machinjio ya punda, kwa kuwa ngozi yake hutakiwa China ambako huchemshwa na kutengenezwa dawa iitwayo ejiao. Kati ya mwezi Aprili 2016 na Desemba 2018 walichinjwa punda zaidi ya 300,000 katika machinjio yenye leseni. Wezi nao hawakulala. Mama aliyeamka asubuhi akakuta kamba tupu mtini alirudi kuchota maji kwa kichwa chake mwenyewe. Mwaka 2020 serikali yao ilipiga marufuku uchinjaji ule, na mwaka 2021 mahakama ikaitengua marufuku hiyo. Hapa Tanzania nasi tulisimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya biashara ya ngozi mwaka 2022, na mwezi Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika walikubaliana kuisimamisha biashara hiyo katika bara zima. Mimi kama mtu wa mafaili nimeona maazimio mengi, lakini hilo nililisoma mara mbili, kwa sababu mimi nina deni kwa punda mmoja.

Sasa turudi bwaloni.

Wale wa miaka yangu mnamkumbuka punda wa shule, aliyevuta mkokoteni wa pipa la maji kutoka kisimani. Alikuwa mzee kuliko baadhi ya walimu, na kwa hakika alikuwa na nidhamu kuliko kidato cha tatu chote. Mnakumbuka pia jinsi tulivyokuwa tukitaniana juu ya vyakula. Vijana wa Bukoba walikuja na makopo ya senene, tukawacheka, kisha tukawaomba. Vijana wa Mtwara waliotuambia kwamba panya wa porini ni kitoweo, tuliwakimbia siku mbili. Vijana wa pwani walisimulia habari za pweza, na wale waliotoka kwenye wafugaji, ambao hata samaki walikuwa hawajamzoea, waliapa kwamba hawatakanyaga Dar es Salaam. Ulikuwa utani mwema. Tulijifunza kwamba kinyaa cha mtu ni kitoweo cha mwenziwe, na tulilala chumba kimoja.

Siku ya Jumatano, katika muhula wa pili wa mwaka 1996, punda yule alikufa. Alhamisi asubuhi sisi watatu tuliokuwa na adhabu ya kutoroka kwenda kutazama video mjini tulipewa majembe tukachimbe shimo nyuma ya shamba la mihogo. Tulichimba toka saa mbili mpaka saa saba. Mwalimu aliyetusimamia alionyesha mahali, akaondoka, na jioni yake alisafiri. Mtu pekee aliyekuja kututazama alikuwa mpishi mkuu, yule tuliyemwita Babu. Alituletea debe la maji na ukoko wa ugali katika kifuniko cha sufuria. Alisimama nasi tulipokuwa tukimfukia punda, akavua kofia yake, akasema, "Alibeba maji yangu miaka kumi." Kisha akarudi jikoni.

Jumamosi ilikuwa siku ya nyama. Juma lile aliletwa maksai mzee wa kulimia, na nyama yake ilikuwa ngumu kama kandambili. Tulitafuna. Tukatafuna tena. Kimya kilitanda bwalo zima, mpaka mtu mmoja kule mwisho, na sijui hadi leo ni nani, akalia kama punda.

Kwanza tulicheka. Halafu mmoja akauliza, kweli, punda wa maji yuko wapi? Tangu Jumatano hajaonekana. Ndugu zangu, mnajua lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Lile lilikuja mbio. Sahani zilianza kugongwa. Mwenzangu wa kitanda cha juu, kijana wa Tanga, Mwislamu safi asiyekosa sala, alitoka nje akatapika mpaka akatoa nyongo. Aliporudi, macho mekundu, alinijia mimi, kwa kuwa alijua nilikuwa na adhabu kule nyuma. Akaniuliza, "Ndugu yangu, nimekula haramu?"

Neno moja lilitosha. Ningesema, punda tumemzika, mimi nimechimba shimo kwa mikono hii, malengelenge haya hapa. Lakini bwalo zima lilikuwa limenigeukia, na sijapata kutazamwa na watu wengi kiasi kile maishani. Tena mgomo ulikwisha anza kunukia, na mgomo maana yake ni kwenda nyumbani. Nikasema, "Mimi sina la kusema."

Hilo lilikuwa jibu langu la kwanza la kiserikali. Nimelitumia mara nyingi tangu siku hiyo, na limenipandisha cheo mara tatu.

Jumapili Mkuu wa Shule aliitisha baraza. Alituambia kwamba punda alizikwa. Wanafunzi wakazomea: mashahidi wako wapi? Mashahidi walikuwa wamesimama mstari wa tatu wakitazama viatu vyao. Babu alikuwa mlangoni mwa jiko, kofia mkononi. Alitutazama mara moja, sote watatu, kisha akageuza macho akatazama mwembe. Hakusema kitu.

Tulirudishwa makwetu majuma mawili. Tuliporudi, jikoni kulikuwa na mpishi mpya. Ili kutuliza hali, kama tunavyoandika katika mafaili, Babu aliondolewa. Alikuwa amepika hapa miaka kumi na tisa. Rafiki yangu wa Tanga hakugusa tena nyama ya shule mpaka tulipomaliza kidato cha nne, na sikumwambia kweli hadi mwaka jana, kwa simu. Alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akasema, "Miaka yote hiyo nilikuwa nikiomba toba ya kitu ambacho sikula."

Kati yetu watatu tuliochimba, mmoja amekwisha tangulia mbele ya haki. Wa pili yumo ukumbini humu, na naona sasa hivi anaitazama sahani yake tupu kwa makini sana. Nilimpa taarifa kabla ya kusimama hapa, naye akanipa ruhusa.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona Babu. Yu hai, amevuka miaka themanini, anaishi na binti yake si mbali na hapa, na macho yake hayaoni vizuri. Baada ya kuondolewa alikaa miaka mingi akiuza chai na maandazi stendi ya mabasi. Niliketi juu ya mkeka nikamwamkia, nikajitaja, nikaanza maelezo marefu yenye utangulizi, kama mlivyonizoea. Alinikatiza. "Wewe ndiye uliyechimba upande wa mguu," akasema. "Ulikuwa unachimba vibaya."

Nikamuuliza kwa nini hakututaja siku ile barazani, maana sisi tungekuwa mashahidi wake. Akajibu, "Mwanangu, mlikuwa watoto watatu na wenzenu walikuwa mia nne wenye hasira. Ningewataja, usiku wangewapiga. Nami nilidhani mtasema wenyewe. Kama si siku ile, kesho yake. Basi nikangoja."

Nilikuwa na bahasha mfukoni, nami niliona haya kuitoa. Hatimaye niliitoa, akaipokea kwa mikono miwili, akaniombea dua. Halafu akamwita binti yake alete chakula. Ulikuwa wali na nyama. Babu akausukuma mchuzi upande wangu, akasema, "Kula bila wasiwasi. Hii ni ng'ombe." Akacheka peke yake mpaka akakohoa.

Ndugu Mwenyekiti, naona saa. Nilikula farasi Turin nisijute, kwa kuwa mhudumu yule, kwa vidole viwili na mlio mmoja, aliniambia kweli juu ya kilichomo sahanini. Hapa kwetu tulikula ng'ombe halali, aliyechinjwa kwa kufuata sheria, na tukaharibu maisha ya mtu mwema kwa sababu mmoja wetu aliyejua kilichomo sahanini alikaa kimya. Nyama haikuwa na kosa. Najisi ilikuwa kinywani mwangu.

Nina maombi mawili. La kwanza, chama chetu kinapokusanya michango ya kukarabati bwalo hili, kitenge sehemu ya kumtunza mzee yule kwa muda uliobaki; mimi nimekwisha andika jina langu juu ya orodha, na jirani yangu wa mstari wa tatu ameandika lake chini yangu. La pili ni dogo, wala halina gharama. Nimefanya kazi na kumbukumbu za mikutano maisha yangu yote, na najua kwamba lisiloandikwa hupotea. Naomba Katibu aandike, na gazeti letu lichapishe, kwamba nyama iliyoliwa katika shule hii Jumamosi ile ya mwaka 1996 ilikuwa ya ng'ombe, na kwamba mpishi alikuwa mkweli.

Sasa tuleteeni pilau, nasi tumshukuru aliyeipika kabla hatujaionja.